Lugha ya Kuzalia

Siku hiyo sebuleni kwangu Ibra, huku Uarabuni, tulikuwa watano: mie, binti yangu, mjukuu wangu wa kiume aliyezaliwa na huyo binti, mke wa mjukuu, mtu wa Paraguay mwenye mimba ya miezi saba, na mama wa huyo mke, kaja kututembelea wiki mbili. Majina yao nayajua mpaka ya babu zao, lakini nimekatazwa kuyaandika.

Mkwe, huyo mama mgeni, alikuja na jambo moja: mwanawe akazalie kwao. Mie nilikuwa na langu: kitukuu changu cha kwanza kizaliwe hapa, mamake nimkande kwa mikono yangu.

Mkalimani alikuwa mjukuu wangu. Kasoma Spain miaka minne, na Kihispania chake anakiringia kama jogoo.

Tulianza kwa kahawa. Mkwe hakujua kwamba ukitosheka unatikisa finjani, na binti yangu si mtu wa kuacha kumimina. Finjani la nane lilipopita macho yalikuwa yamemtoka. Naye akatoa majani ya kwao, akayatia kwenye pembe ya ng'ombe, akamimina maji ya barafu, akachomeka mrija mmoja wa chuma tunyonye wote kwa zamu. Nikapiga bismillahi, nikanyonya. Nikamshukuru kwa neno pekee la Kihispania ninalolijua. Basi pembe ikawa inanipita. Nikamwambia binti yangu kwa Kiswahili kuwa huyu bibi bahili, na mate yangu keshayala kwenye mrija. Mke wa mjukuu akacheka mpaka akajishika tumbo. Kumbe kwao ukishukuru maana yake umetosheka.

Ndipo tukaingia kwenye lenyewe. Nikasifu hospitali zetu. Mkwe akajibu kwa Kihispania, mjukuu akafasiri, adabu tupu kama barua ya serikali. Mara mama na mwana wakageukiana, wakasemezana mbio kwa lugha nyengine, mama anampigapiga mwanawe gotini. Nikauliza wanasemaje. Mkalimani akajimiminia kahawa.

"Miaka minne Spain ulikwenda kusomea kupika wali?"

"Bibi, hicho si Kihispania. Ni Kiguarani, lugha ya wenyewe wa nchi kabla Wahispania hawajafika. Kwao hata asiye wa kabila hilo anakisema nyumbani. Kihispania cha shule na ofisi."

Hapo nikaelewa. Mie nami Kiarabu changu cha benki na cha kupokelea wageni. Kusengenya na kugombana, Kiswahili.

Mke wa mjukuu akanigeukia. Kiswahili chake kakiokota jikoni kwangu, kibovu, lakini siku hiyo kilinyooka.

"Bibi, kusoma nimesoma Kihispania. Kulia nalia Kiguarani. Nikizaa nataka wa kunigombeza kwa hicho."

Na mamake hawezi kubaki. Ni mwalimu, likizo inakwisha.

Nikakumbuka uzazi wangu. Binti yangu nilimzaa hapa, mie mgeni bado kutoka pwani ya Waswahili. Manesi wananihimiza kwa Kiarabu nisichokijua wakati huo, mie nawatukana kwa Kiswahili, wao wanadhani naomba dua. Sikupata hata mmoja wa kunijibu.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Kata tiketi. Na wewe nenda, walau wakubebeshe mizigo."

Kitukuu kikazaliwa huko. Nimeambiwa mamake aligombezwa vizuri sana.

Hivyo ndivyo nikumbukavyo. Aliyekuwapo akiona nimechanganya, aje anisahihishe uso kwa uso. Asinitumie sauti kwenye simu, sizisikilizi.