Mguu wa Nyuma wa Mkwe

Katika hospitali ile kila mtu alimwita Shangazi, hata madaktari waliomzidi umri. Jina lilianzia kwa binti wa kaka yake, dobi wa palepale, aliyekuwa akiita "Shangaziii!" kutoka mwanzo wa chumba cha kufulia hadi mwisho kila mashine ilipogoma. Binti huyo amejaliwa koo. Sauti ikafika mpaka wodini, na jina likashika.

Shangazi alikuwa fundi wa mashine za kufulia, na mashine zenyewe zilikuwa tatu. Ya kwanza aliiita Mlevi kwa sababu ya mwendo wake. Ya pili, Bubu. Ya tatu, kubwa kuliko zote, iliyofua nguo za chumba cha upasuaji, aliiita Mkwe, kwa kuwa ilitaka heshima. Ukimfungulia Mkwe mlango kwa pupa ananuna, na akinuna hakuna daktari anayevaa joho safi siku hiyo.

Kila asubuhi, kabla madobi hawajaanza kazi, Shangazi alipitisha kiganja ubavuni mwa Mkwe kama mama anayempima mtoto homa. Aliingiza vidole viwili kwenye kichujio na kutoa pini, vifungo, na siku moja meno ya bandia ambayo mwenyewe aliyatafuta wodi nzima. Aligonga kitasa cha mlango mara moja, si mbili, kwa mpini wa nyundo. Kisha akapiga magoti kukagua mguu wa nyuma wa kushoto. Sakafu ya pale ilikuwa imetitia, na chini ya mguu alikuwa ameweka kipande cha soli ya kandambili, ambacho alikibadilisha kila kilipobonyea. Akimaliza hayo yote alifungua kitabu cha matengenezo na kuandika: Imekaguliwa. Iko sawa.

Usidhani ni uvivu. Hospitali ile ilikuwa na utaratibu wake wa tangu zamani: fundi akiandika kwamba kitu kimeharibika, anapewa fomu ya kurasa nne, halafu anaitwa mbele ya kamati kueleza kwa nini kimeharibika kikiwa mikononi mwake. Fundi umeme aliwahi kuandika ukweli mara moja tu. Aliitwa mara tatu kwa ajili ya swichi moja ya taa ya chooni. Tangu hapo mafundi wote walipata akili. Bomba likipasuka, wanaliziba na kuandika iko sawa. Paa likivuja, iko sawa. Kwa vitabu vyao, jengo lile lilikuwa la peponi.

Ndipo akaja Mkurugenzi mpya, mtu wa suti na viatu vinavyong'aa, aliyelipenda neno "mfumo" kuliko chai. Alileta akili mnemba, programu iliyokaa ndani ya tableti, na Mhandisi wa kuibeba. Mhandisi alibandika vifaa vidogo vya kupimia kila pembe ya mashine: vya joto, vya maji, vya mlango. Programu ilikuwa na jina refu la kiwandani. Madobi waliisikia ikijibu maswali siku ya kwanza, wakaiita Mjuaji.

"Shangazi, shikamoo," alisema Mhandisi, kijana wa watu, mwenye adabu zake. "Naomba vitabu vyako vyote vya matengenezo. Mjuaji atavisoma, ajifunze kazi kutoka kwako."

Ikambidi Shangazi ageukie ukutani na kujifanya anakohoa.

"Vyote?"

"Vyote, Shangazi. Miaka yote kumi na tisa."

Alivibeba mwenyewe, vitabu kumi na kimoja, akavifuta vumbi kimoja kimoja kwa upendo ambao havijawahi kuuona. Hakumwambia mtu. Nyumbani alicheka peke yake jikoni mpaka mumewe akaja kuuliza kuna nini, naye akasema ni moshi. Alikuwa akiisubiri kwa hamu siku ambayo Mjuaji angeumbuka mbele za watu.

Mjuaji hakuumbuka. Alisoma kila ukurasa, akaamini kila neno, na baada ya wiki sita akampelekea Mkurugenzi ripoti safi kabisa.

"Mama, mfumo umetufumbua macho," Mkurugenzi alimwambia Shangazi ofisini, siku ya Jumatatu. "Katika miaka kumi na tisa, mashine zile hazijaharibika hata mara moja. Ni mashine bora sana."

"Ni bora," Shangazi akakubali. Angesema nini?

"Sasa hospitali ina haja gani ya fundi wa mashine zisizoharibika?"

Akampa barua. Karatasi nene, ya heshima, yenye mhuri: astaafu mapema, Ijumaa iwe siku yake ya mwisho, na hospitali inamshukuru. Alikuwa amebakiza miaka minne kufikia siku yake halali.

Kicheko chote kikaisha. Amejitia kitanzi, tena kwa kalamu yake mwenyewe. Akisema ukweli, atakuwa amekiri kwamba ameandika uongo miaka kumi na tisa, na hilo nalo lina barua yake. Akinyamaza, Ijumaa hiyoo. Alimwonyesha binti wa kaka yake barua ile, akitumaini kufarijiwa.

"Lakini Shangazi," binti alisema, "miaka yote hiyo hukuandika hata siku moja kwamba ulikuwepo."

Maneno hayo yalimchoma kuliko barua. Na Shangazi akichomwa hakai akalia, anafanya ukorofi. Akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa ovaroli, na kuanzia Jumanne asubuhi akafanya kazi kama kitabu kinavyosema. Aliitazama kila mashine kwa macho, akaandika Imekaguliwa, Iko sawa, akaenda stoo kunywa chai. Hakugonga, hakupapasa, hakupiga magoti.

Siku hiyo hiyo Mlevi alisogea hatua moja kuelekea mlangoni. Jumatano Bubu alitapika povu. Alhamisi, saa nne asubuhi, Mkwe alisimama katikati ya kazi, mlango umejifunga, tumbo limejaa maji na majoho yote ya chumba cha upasuaji.

Mhandisi alikuja mbio na tableti yake. Mkurugenzi naye akafika, na nyuma yake muuguzi mkuu wa upasuaji, mikono kiunoni.

"Mjuaji anasemaje?" Mkurugenzi aliuliza.

Mhandisi akasoma, sauti ikimpungua kila neno. "Mlango umefungwa vizuri. Maji yanatosha. Joto ni la kawaida. Historia ya mashine: haijawahi kuharibika." Akagusa skrini tena. "Ushauri: subiri. Iko sawa."

Mkwe akaachia maji ya sabuni kwenye viatu vya Mkurugenzi.

Madobi waliangalia dari, midomo imebanwa. Kule stoo Shangazi alisikia kila kitu kupitia ukutani, na ningependa kusema kwamba hakufurahi, lakini alifurahi sana, akajiongezea sukari. Alikuwa bado anaikoroga chai wakati binti wa kaka yake alipoingia bila kubisha.

"Shangazi, kuna mama kule kitandani hajala tangu jana, anasubiri kupasuliwa. Yeye amekukosea nini?"

Kijiko kikasimama. Shangazi aliona aibu, aibu ya kweli, ya kupanda mpaka masikioni. Kwa siku tatu alikuwa akimkomoa Mkurugenzi, kumbe aliyekuwa akikomolewa ni mtu asiyemjua hata kwa sura. Akaiacha chai na sukari yake yote.

Aliwapita wakubwa bila salamu, akaweka kiganja ubavuni mwa Mkwe, akafumba macho.

"Amelalia upande, tumbo linasugua," alisema. "Kuna swichi inayomzima akitikisika kupita kiasi. Imemzima."

Mhandisi alitafuta kwenye mchoro. "Swichi hiyo iko mbele, chini ya mlango. Mjuaji anaiona, haina tatizo."

"Hiyo ya mbele ni maiti. Iliungua zamani, vipuri havikuja. Nilichukua ya jenereta bovu nikaifunga nyuma, kwa sababu mbele haikuenea."

"Imeandikwa wapi?"

Shangazi akanyanyua mkono wake wa kulia, wenye makovu ya moto mpaka kwenye kiwiko. "Hapa."

Kisha akauzamisha mkono huo nyuma ya mashine mpaka begani, shavu limebanwa kwenye bati la moto, kama jirani anayesikiliza ugomvi wa chumba cha pili. Mhandisi, kwa sifa yake, hakusimama akitazama. Alikunja shati akaomba ajaribu.

"Nimegusa skrubu tatu," alisema, uso umembadilika rangi kwa joto.

"Kaza ya katikati. Ndiyo inayoumwa."

"Nitajuaje kwamba inaumwa?"

"Inacheza zaidi kidogo kuliko wenzake."

"Mimi naona zote ziko sawa."

"Pole, mwanangu. Mjuaji amekuambukiza."

Madobi sasa walicheka bila kujificha, hata muuguzi mkuu akageuza uso. Shangazi akamwondoa Mhandisi kwa upole, akakaza mwenyewe, akaita watu wanne na mtaimbo. Wakamnyanyua Mkwe upande wa kushoto. Kipande cha soli chini ya mguu wa nyuma kilikuwa kimebonyea mpaka kuwa kama kaukau ya viazi. Binti wa kaka yake alivua kandambili yake bila kuulizwa, Shangazi akakata kipande, akakiweka. Wakamshusha. Bado anayumba, kwa unene wa ukucha tu.

"Karatasi ngumu," Shangazi alisema, akijipapasa. Mfuko wa kushoto: bisibisi. Mfuko wa kulia: barua.

Aliitazama kidogo. Ilikuwa karatasi nzuri kwa kweli. Akaikunja mara mbili, akapima kwa kidole, akaikunja mara ya tatu, akaifunga kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli isije ikalowa. Wakamnyanyua Mkwe tena, akaisukuma chini ya mguu. Mkwe akashushwa, akatulia. Shangazi akagonga kitasa kwa mpini wa nyundo, mara moja. Mashine ikaguna, ikaanza kuzunguka, na chumba kizima kikashusha pumzi. Kabla ya saa sita majoho yalikuwa yamepanda juu, makavu, na yule mama akasukumwa kuingia chumba cha upasuaji.

Mkurugenzi hakuondoka. Alisimama na viatu vyake vilivyolowa.

"Umezitengeneza mara ngapi mashine hizi?"

Hapo Shangazi angeweza kupiga chenga, na alikuwa nazo nyingi. Lakini alikuwa amechoka kutokuwepo. "Kila siku, Mkurugenzi. Kila siku ya Mungu. Kitabuni nimeandika uongo, kwa sababu ukweli katika hospitali hii una kurasa nne na kamati. Mjuaji wa watu hana kosa. Tulimlisha uongo wetu, akaumeza akidhani ni chakula."

Mkurugenzi alimgeukia Mhandisi. "Hiyo fomu ipo?"

"Ipo," alijibu Mhandisi. "Na mwenyekiti wa kamati ni wewe."

Mkwe alizidi kuzunguka.

"Fomu hiyo imekufa leo," Mkurugenzi alisema mwishowe. "Na wewe, Shangazi," ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "nirudishie ile barua niichane."

Shangazi alielekeza kwa mdomo, chini, nyuma, upande wa kushoto. "Ukiitoa, Mkwe ataanza kutembea."

Mkurugenzi akainama na suti yake, akachungulia. Pembeni mwa mpira, nusu ya mhuri wake ilikuwa ikimtazama.

"Basi iache. Itakaa mpaka lini?"

"Miaka minne hivi," Shangazi alisema. "Ni karatasi nzito."

Walipoondoka wote alifungua kitabu cha matengenezo. Mkono ulizoea, ukaanza wenyewe, Imekag, akausimamisha, akakata neno. Akafikiri kwa muda mrefu, ulimi nje kidogo, maana kazi ya kusema kweli ilikuwa ngeni kwake. Kisha akaandika, kwa herufi kubwa ili hata Mjuaji aelewe:

MKWE. MGUU WA NYUMA WA KUSHOTO: BARUA YA MKURUGENZI. ISIONDOLEWE.