Aliyechinja Ng'ombe wa Baba

Mwandishi wa barua hii ametuomba tusimtaje, nasi tumekubali. Mambo machache tumeyageuza ili asitambulike. — Mhariri

Bwana Mhariri, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, naishi Gongoni hapa Tabora, mke wa fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Nilizaliwa Igalula katika nyumba ya Wakatoliki, nikasilimu nilipoolewa, na baba alikubali bila maneno mengi. Aliyenitesa ni mama mkwe wangu. Kwa miaka sita hakuonja chakula cha kwetu hata siku moja. Baba akituletea kuku aliyepikwa, alipewa jirani. Akileta karanga, zilioshwa mara tatu kana kwamba zimeokotwa jalalani. Na mimi jina langu lilikuwa "huyu". "Mwambie huyu alete maji," naye ananiona nimesimama palepale.

Mwaka huu baba alikusudia kuyamaliza mambo hayo. Alikuwa na maksai aliyemnonesha miaka mitatu. Hakwenda machungani, alikaa bandani kivulini, akiletewa majani ya viazi, pumba za mtama na machicha ya pombe ya mama, ingawa hilo la machicha hatukulitangaza. Alinona hata Bwana Shauri wa serikali alipopita katika ziara zake alisimama kumtazama. Baba akatuma salamu: mama mkwe na mume wangu waje kwa gari moshi la asubuhi, wale nyama, warudi kwa la jioni. Akaahidi kwamba Mwislamu ndiye atakayechinja, kama ilivyo desturi kwetu, ili mgeni yeyote ale bila wasiwasi. Mama mkwe alinuna siku mbili, kisha akasema, "Haya, twende tukaione hiyo nyama."

Mimi nilitangulia siku moja kusaidia mapishi. Asubuhi yenyewe, ng'ombe amekwisha fungwa kamba, ikaja habari kwamba mwalimu wa chuo cha Kurani aliyeombwa kuchinja amekwenda mazikoni kijiji cha mbali. Nikamwambia baba, "Tungoje gari. Mume wangu atachinja."

Baba alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mayo, binti yangu, unasema nini? Mkwe anashuka kwenye gari, hajapewa hata kiti, nimshikishe kisu? Ajichinjie chakula chake kama kibarua?"

"Basi tuwaeleze, baba."

"Tuwaeleze kwamba tumewaita kula na chakula hakuna? Mpaka nyama iive, gari la jioni limekwisha ondoka."

Akachukua kisu mwenyewe. Alimwelekeza ng'ombe kibla, maskini baba, nadhani aliona itasaidia. Kisha akaniambia nikakoleze moto na ninyamaze. Ningeweza kukimbia stesheni nikamnong'oneze mume wangu. Nilikwenda kukoleza moto.

Wasomaji, nyama ile sijapata kula mfano wake. Mafuta yalikuwa yamepenya ndani ya mnofu kama nyuzi kwenye kitambaa, ukitafuna yanayeyuka. Kulikuwa na nundu iliyochemshwa kwa chumvi tu, mbavu za kuchoma, na mchuzi mzito kwa wali. Mama mkwe hakugusa kitu kwanza. Akamuuliza baba, "Mkwe, amechinja nani?"

Baba akajibu bila kupepesa macho, "Mwislamu mmoja wa hapa hapa. Amewahi mazikoni."

Mama mkwe akasema Bismillahi, akadonoa. Akadonoa tena. Kisha akala kweli kweli, akaomba na mfupa wenye uboho, akacheka na mama yangu na kumwita dada. Mume wangu kazi yake ilikuwa kutafuna. Mimi pia nilikula, maana nisingekula wangeniuliza.

Wakati wa kurudi mama mkwe alinilalia begani ndani ya behewa. Tulipokaribia Tabora aliamka, akasema, "Mwanangu, nimekukosea wewe na wazazi wako. Nisamehe." Nililia. Alidhani ni furaha, na furaha nayo ilikuwamo.

Tangu siku hiyo ananisuka nywele, na karanga za baba zinaliwa bila kuoshwa. Nimejaribu kumweleza mume wangu mara mbili. Mara ya kwanza alianza kumsifu baba kabla sijafungua kinywa. Mara ya pili niliishia kumuuliza kama anataka chai. Nilipomwendea baba, alisema, "Ukisema, binti yangu, sitawatazama watu wale usoni mpaka naingia kaburini." Hukumu ya nyama ile nawaachia wenye elimu ya dini. Mimi najua kwamba mtu aliuliza, akajibiwa uongo, nami nilikuwa hapo hapo nimeshika bakuli la mchuzi. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Sasa mama mkwe anataka kumfanyia hitima marehemu mumewe, na ng'ombe atoke kwa baba. Amemwagiza mume wangu kushona kanzu nzuri yenye darizi shingoni, zawadi ya mchinjaji, maana anasema mkono uliochinja ng'ombe yule una baraka na ndio anaoutaka siku ya hitima. Mwalimu wa chuo ni mcha Mungu, hawezi kupokea shukrani za kazi asiyoifanya. Baba nimempelekea habari, amejibu neno moja tu: "Nyamaza." Mwezi ukiandama tunapanda gari, mimi na mama mkwe.

Jana aliikunja kanzu kwa mikono yake, akaniwekea mapajani. "Wewe ulikuwapo, mwanangu," akasema. "Tukishuka tu, nionyeshe mtu huyo, kabla sijaamkiana na yeyote."

Ndugu zangu, mwenye shauri anijibu upesi katika ukurasa huu. Tukishuka stesheni, nimwonyeshe nani?