Breki za Gari Lisilo na Dereva

Nilikuwa nimeshafunga mizigo yangu Lushoto, nikijua nakwenda Marekani kupumzika kwa mdogo wangu Elia, pale wifi yangu Wakesho aliponipigia simu. Hakuuliza hata habari za maandalizi.

"Wifi, ukifika uongee na ndugu yako. Mimi hanisikii. Anataka tushuke milima na gari nyuma haina breki!"

Wakesho ni Mtaita wa Voi, muuguzi aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali za Minneapolis. Alikuwa amepata mkataba wa miezi michache huko Duluth, mji wa kaskazini ulio kando ya ziwa. Elia, ambaye ameshastaafu, alinunua motohomu, yaani basi lenye nyumba ndani yake, ili wakaishi humo badala ya kupanga. Lakini motohomu ikishaegeshwa kambini haizungukizunguki mjini. Kwa hiyo nyuma yake lingevutwa gari dogo la Wakesho, la kumpeleka kazini. Ugomvi wao ulikuwa juu ya gari hilo dogo.

Maple Grove, kitongoji cha Minneapolis wanakoishi, siku niliyofika, niliiona motohomu imesimama mbele ya nyumba yao, ndefu kuliko nyumba yenyewe ilivyo pana. Elia alinipandisha ndani kama anayenipeleka ikulu. Kulikuwa na jiko, jokofu, kitanda cha watu wawili na bafu. Akabonyeza kitufe, na ukuta mzima wa sebule ukatoka nje taratibu, kama droo ya kabati, chumba kikapanuka mbele ya macho yangu. Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimevua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Dada, hili dude lina breki za upepo, kama lori," Elia aliniambia. "Kagari kale nyuma hata halitakasikia."

"Kwa tambarare halitakasikia," nikamjibu. "Kwenye mteremko mzigo ulio nyuma yako hugeuka msukumaji. Wewe umezaliwa Lushoto, nikufundishe mimi?"

Alicheka, akanikaribisha chai. Lakini kesho yake yeye mwenyewe ndiye aliyetutangulia kwenda kwa fundi.

Golden Valley, kitongoji cha jirani, karakana ilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kulia chakula sakafuni. Fundi aliitwa Erik, Mzungu mrefu wa makamo, naye Elia akawa ananitafsiria. Alituonyesha namna mbili. Ya kwanza ni kisanduku kizito kinachowekwa sakafuni mbele ya kiti cha dereva, chenye mkono wa chuma unaoshika kanyagio la breki. Motohomu ikipunguza mwendo, kisanduku huhisi, kikakanyaga. Ya pili hufungwa moja kwa moja chini ya gari: upepo wa breki za motohomu hupita kwenye bomba la mpira hadi gari la nyuma, na dereva akikanyaga kidogo mbele, nyuma nako hukanyagwa kidogo, akikanyaga sana, nyuma nako sana.

Uani kulikuwa na gari la mfano la namna hiyo ya pili, limefungwa nyuma ya motohomu ya karakana. Erik akaniita nichungulie dirishani. Ndani hamkuwa na mtu. Mwenzake akakanyaga breki huko mbele, nami nikaliona kanyagio linashuka polepole, likatulia, kisha likapanda tena, kama kwamba mguu nisioweza kuuona ulikuwa umelikanyaga. Nywele zilinisimama. Nikaomba wakanyage tena, na tena.

"Na chuma cha kuvutia kikikatika?" Wakesho aliuliza.

Erik akamwonyesha waya mwembamba uliounganisha magari mawili. Akauchomoa kwa mkono. Hapo hapo kanyagio likazama lenyewe, likabaki chini. Yaani gari likiponyoka, lenyewe linajifunga breki kabla halijaenda kuua watu. Wakesho aliguna, "Hii sasa ndiyo akili."

Lakini Elia alikipenda kisanduku. Hakihitaji kutoboa gari, na siku ukibadilisha gari unahama nacho. Erik alikuwa nacho cha kuwajaribishia wateja, akatuazima, akatueleza kinavyowekwa. Elia aliitikia kila neno kabla halijamalizika.

Asubuhi ya majaribio, Elia alikiweka mwenyewe ndani ya gari la Wakesho, akasogeza kiti mbele kukibana kisitikisike, tukatoka kwa barabara ya magharibi. Mahindi yalikuwa yamejipanga pande zote mbili hadi upeo wa macho, wala sikuona mtu hata mmoja shambani, nikajiuliza nani anayapalilia. Kwenye dashibodi ya motohomu kulikuwa na kitaa chekundu cha kile kisanduku, kilichokuwa kimewaka.

"Baba Tumaini, mbona hiyo taa haizimi?" Wakesho alimwuliza mumewe.

"Inatuambia iko kazini."

"Kazini kwangu mashine ikiwaka hivyo siisifu. Naenda kumwangalia mgonjwa."

Tukaenda. Mara gari moja likatufikia ubavuni, likapiga honi mfululizo, na mwanamke aliyekuwa ndani akawa ananyoosha kidole nyuma yetu. Elia akaegesha pembeni. Tuliposhuka, harufu ya kuungua ilitupokea kabla ya kuona chochote. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu ya mbele ya gari la Wakesho. Kiti kilichosogezwa mbele kilikuwa kimekisukuma kisanduku, na kisanduku kikawa kimelikanyaga kanyagio tangu tulipotoka nyumbani. Tulikuwa tumelivuta gari lenye breki zilizofungwa.

Wakesho alitaka kusogea karibu, Elia akamshika mkono. "Subiri, mama. Linaweza kushika moto." Uso wake ulikuwa umepauka. Tukasimama kwenye majani, mbali kidogo, tukalitazama gari lile linafuka. Tulingoja hapo mpaka moshi ulipokatika. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali ya Wakesho, lakini alisema tu, "Twende kwa fundi."

Golden Valley kwa mara ya pili, Erik alikagua magurudumu, akabadilisha pedi za breki zilizoungua. Hakukilaumu kisanduku. Alisema wengi wanakitumia vizuri, ila kinataka kuwekwa kwa makini kila safari na kutolewa kila mnapofika. Kisha akauliza, naye Elia akatafsiri huku sauti ikipungua: "Mkishafika, ni nani atakayeliendesha gari hili?"

"Ni mimi," Wakesho alijibu kwa Kiswahili, akamwangalia mumewe. "Nikitoka shifti ya usiku, macho yananifunga, ndio nianze kubeba hiyo kitu niitoe niirudishe? Siku nikiisahau pale chini ya miguu yangu?"

Elia alikitazama kile kiti cha dereva. Kisha akamwambia Erik afunge ile ya pili, ya kudumu.

Cedar-Riverside, mtaa mmoja wa Minneapolis, tulipitia siku ya kuondoka, Wakesho akanunua unga, iliki na sambusa za njiani kwa Wasomali wa pale, kisha tukashika barabara ya kaskazini. Mahindi yalikwisha, misonobari ikaanza. Safari hii kitaa kiliwaka Elia alipokanyaga breki na kuzima alipoachia, nami nikakifuata kwa macho kila kilipowaka.

Juu ya mlima wa Duluth, dunia ilifunguka ghafla. Chini yetu kulikuwa na mji, na baada ya mji ziwa. Nimefundisha jiografia miaka mingi, nimechora maziwa ubaoni kwa chaki ya buluu, lakini lile halikuwa na ng'ambo. Maji yalipanda hadi yakashikana na mbingu, na meli ndefu kama mtaa mzima ilionekana ndogo kama punje ya mchele. Nikasema kwa sauti, "Ee Bwana, ulivipima kwa kipimo gani vitu hivi?"

Hapo hapo, katikati ya mteremko, taa za breki za magari yote ya mbele zikawaka pamoja. Kulikuwa na matengenezo ya barabara. Elia alikanyaga. Nilijishikilia, nikingoja ule msukumo wa nyuma ninaoujua. Haukuja. Tulisimama kwa utulivu, jikoni vikombe havikulia. Wakesho, aliyekuwa amefumba macho, akayafumbua. Akaweka mkono juu ya goti la mumewe, akauacha hapo hadi foleni ilipoanza kusogea.

Kambini, alfajiri ya kwanza ya kazi, Wakesho alifungua gari lake, akaketi, akaondoka bila kubeba wala kutoa chochote. Elia alibaki amesimama na kikombe cha chai mpaka gari lilipopinda kona.

"Dada," alisema, "mimi siku zote nilikuwa naliona gari lake kama mkia wangu tu."

Nilirudi Lushoto nikiwa na picha nyingi za ziwa, na watu huziomba kwanza. Mimi huwaonyesha, kisha huwaambia kwamba kabla ya kuchagua breki, uliza kwanza nani atakayekaa kwenye kiti cha dereva cha lile gari la nyuma safari ikiisha.