Mama, Nguo Hii Haifai kwa Picha

Katika idara yetu ya sanaa, upande wa grafiki, neno lililopendwa kuliko yote lilikuwa "uhalisia". Mhadhiri aliyetusimamia mwaka wa mwisho alilitamka akiwa amefumba macho, utadhani anaonja mchuzi. Kazi isiyo na uhalisia haikupita kwake. Ilinichukua muda kuelewa kwamba uhalisia huo ulikuwa na vifaa vyake: rangi ya udongo, mti mkavu, jua linalozama na mwanamke aliyechoka. Ukivipanga hivyo kwenye bango la benki au lebo ya sabuni, umefaulu. Wenzangu waligundua mapema, wakawa wanazamisha jua kila muhula, na maksi wakapata. Niliwadharau, na sijaacha.

Mradi wangu wa mwisho ulikuwa lebo ya tangawizi. Mama yangu analima tangawizi Myamba, Upare ya kusini, na kikundi cha akina mama wa kanisani kwake kilikuwa kimeanza kuisaga na kuiuza kwenye vipakiti vya nailoni visivyo na hata jina. Wauzaji wa stendi ya Same walivificha nyuma ya biskuti. Akina mama walitaka lebo yenye picha ya mtu, na walishakubaliana kwamba mtu huyo awe mama yangu, kwa kuwa msomi wa kuitengeneza ni mtoto wake. Nami nilitaka shahada yangu. Mradi usiopita maana yake ni kurudia mwaka, na mama alilijua hilo vizuri kuliko nilivyopenda.

Mhadhiri akatangaza kwamba atakuja mwenyewe kusimamia upigaji picha. Alipitia njia ya Kisiwani, akaipita Maore vioo vya gari vimefungwa kwa sababu ya vumbi, akafika kwetu mlimani asubuhi yenye ukungu mzito kiasi kwamba migomba ya jirani haikuonekana. Alikuwa amevaa kofia pana ya jua. Akatazama huku na huku, akaniuliza jua hutoka saa ngapi, kwa sauti ya mtu anayelalamikia huduma ya hoteli. Nikamwambia kwa kipindi kile linaweza lisitoke kabisa. Alionekana kuniona mimi ndiye mwenye kosa.

Mama akatoka kumpokea. Kwetu mgeni wa namna ile unamvalia, na picha unaivalia zaidi. Sijapata kumwona mtu wa Myamba aliyejipanga mbele ya kamera na nguo ya shambani. Mama alivaa gauni la bluu la Pasaka, limepigwa pasi, nywele zimesukwa upya. Mhadhiri, ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, hakumwamkia.

"Mama, mambo vipi?" alisema.

"Marahaba, mwalimu. Pole na safari," mama akajibu, akiitikia shikamoo ambayo haikutolewa.

Mgeni akanywa chai, akala ndizi, akasifu hewa. Kisha akatoa kamera na kulikagua lile gauni.

"Mama, nguo hii haifai kwa picha. Naomba ubadilishe."

Mama aliona aibu. Niliiona usoni mwake, na hadi leo nikikumbuka damu inanichemka. Akaingia ndani, akatoka na kitenge alichoshonewa kwa harusi ya dada yangu, mabega yamesimama.

Mhadhiri akacheka kidogo. "Bado, mama. Nataka kitu cha kawaida zaidi. Cha asili."

Mama akaingia tena. Nilimsikia akimwita jirani kupitia dirisha la nyuma. Alielewa kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angeelewa: ukiambiwa nguo yako haifai kwa picha, basi haijawa nzuri vya kutosha. Safari hii akatoka na sare ya umoja wa wanawake wa kanisani, beji kifuani, kilemba cheupe kimetiwa wanga, na mkufu wa jirani shingoni. Nilitamani kupiga makofi.

Mhadhiri akanivuta pembeni. "Mweleze kwa lugha yenu. Nataka kanga iliyochakaa, miguu pekupeku, akae chini shambani na jembe, asitazame kamera. Mtu akimwona amwonee huruma. Huyu sasa ni mke wa mchungaji."

"Hata shambani anavaa viatu vya mpira," nilisema. "Huku kuna baridi."

"Basi mama yako si mfano mzuri wa mkulima. Halafu kumbuka, mradi ni wako. Mimi natoa maksi tu."

Mama alikuwa anatutazama. "Anasemaje?" aliniuliza kwa Kipare. "Mwambie nitavaa chochote anachotaka. Usije ukafelishwa kwa ajili yangu."

Na kweli angevaa. Angejifunga ile kanga ya kushikia masufuria, akakaa kwenye matope mbele ya mtu aliyetoka kunywa chai yake, ili mimi nipate cheti. Nilimtazama yule bwana na kofia yake ya jua katikati ya ukungu, nikaona cheti hicho akae nacho. Nikamjibu mama kwa Kipare, kwa heshima zote, bila kutabasamu: "Anasema umependeza sana, ila umesahau viatu."

Mama akashusha pumzi. "Si angesema mapema!"

Akarudi na viatu vyeusi vya kisigino kifupi, akasimama mlangoni, tangawizi mbichi mkononi, shingo imenyooka, akaikazia kamera macho. Mhadhiri akashusha kamera yake. Mimi nikainua yangu.

Mhadhiri alishuka mlima na picha za migomba tu. Lebo niliitengeneza nilivyotaka: mama kuanzia kilemba hadi viatu, mlango wa kijani nyuma yake, na maandishi makubwa ambayo abiria anayasoma akiwa ndani ya basi. Siku ya kuiwasilisha mbele ya jopo, mhadhiri aliitazama, akawauliza wenzake, si mimi, "Sasa mkulima yuko wapi hapa?" Wakacheka wote, watu wazima na shahada zao. Wakanipa maksi ya chini kabisa inayoitwa kufaulu, nadhani ili wasinione tena mwakani. Maksi ya juu ilikwenda kwa lebo ya maziwa yenye jua linalozama.

Jioni ile mama akapiga simu.

"Umepita?"

"Nimepita."

"Mungu ashukuriwe. Na mwalimu kasemaje kuhusu picha yangu?"

Nilikuwa na matusi ya kutosha mdomoni. Lakini aliuliza swali la wazi, nikampa jibu la wazi. "Kasema huonekani kabisa kama mkulima."

Nikamsikia akicheka kwa furaha, akiiacha simu hewani na kuwapigia kelele wenzake wa kikundi: "Jamani, mwalimu wa chuo kikuu kasema hata sionekani kama mkulima! Si niliwaambia ule mkufu utanikaa?"