Nilinyamaza, na mdogo wangu atakua bila kumjua mama

Assalaam alaykum admin na nyote mnaosoma. Naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu hapa Pemba, upande wa Kengeja. Sijawahi kutoa jambo la nyumbani kwetu mbele za watu, kwa hiyo nikikosea adabu mnisamehe.

Mama yangu alifariki miezi mitano iliyopita, siku ya pili baada ya kumzaa mdogo wangu wa kiume. Ni kadari ya Mungu na sina neno juu yake. Tumebaki wanne: baba, bibi mzaa baba, mimi na mtoto. Bibi macho yamempungua, na baba hutoka alfajiri kwenda kwenye shamba la muhogo. Kwa hiyo nikirudi shule nampokea mtoto kwa bibi, namkorogea maziwa, namfulia, na hataki kulala ila juu ya kifua changu.

Wiki za mwanzo nilikuwa siwezi hata kula. Mwalimu wangu wa chuoni ninakosoma Kurani, mama wa makamo, aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, kulia si dhambi. Lakini kila siku ukishasali, kumbuka jambo moja jema la mama yako, useme alhamdulillahi kwa hilo. Wala usitafute kubwa."

Nikaanza. Siku ya kwanza nilikumbuka mwaka mmoja mvua ilipotushukia karafuu zikiwa zimeanikwa uani. Tulikimbia sote kuzianua, sare yangu ikasahauliwa kwenye kamba. Asubuhi mama aliipiga pasi ya mkaa ikiwa mbichi vile vile, akanivisha ingali ya moto, akasema, "Nenda. Wakikuuliza mbona wanuka moshi, waambie mama yako kakubanika." Nilicheka njia nzima. Siku nyingine nilikumbuka alivyoninunia kwa sababu nilimjibu vibaya, kisha jioni akashindwa, maana alikuwa na kichekesho cha jirani na hana wa kumsimulia ila mimi.

Huzuni haikuondoka, nisiwadanganye. Ila nilipata mahali pa kuegemea. Mpaka siku moja, nikiwa nimempakata mtoto, nilisema alhamdulillahi yangu kisha nikamtazama. Mimi nina miaka yote hii ya kumshukuru mama. Yeye alipata siku mbili tu, tena amefumba macho. Tangu hapo nikawa namsimulia. Haelewi, najua, lakini nilijiambia nitarudia mpaka aelewe.

Sasa shangazi yangu, dada wa baba anayekaa Tibirinzi, hajajaaliwa mtoto na ndoa yake ina miaka kumi na nne. Ni mtu mwema na alimlilia mama kama ndugu yake wa tumbo moja. Ijumaa iliyopita alikuja na mumewe, wakakaa na baba, bibi na ami yangu mkubwa, kaka yake baba. Mimi nikaitwa.

"Kaka," alisema shangazi, "nipe mie huyu mtoto nimlee. Na huyu binti apate kusoma, asizeeke kabla ya siku zake."

Bibi akasema, "Mtoto wa kaka yako ni wako. Ila usije ukatuletea akianza kuota meno na kuuma watu." Wakacheka, hata baba, ambaye nilikuwa sijamwona akicheka tangu msiba.

Kisha shangazi akanigeukia. "Mwanangu, nina sharti moja tu. Sitaki achanganyikiwe. Mama yake ni mie. Habari za marehemu asizisikie kwa mtu, nitamwambia mwenyewe akishakuwa mkubwa. Na weye ukija kwangu, atakujua kuwa ni mtoto wa mjomba wake. Umeridhi?"

Jibu lilikuwa hapana. Lakini nilijua nikifungua mdomo kitakachotoka ni kilio, nami nimefunzwa kutolia mbele ya wageni. Nikainamisha kichwa. Ami akasema, "Kanyamaza, karidhi. Mtoto aliyefunzwa ndivyo anavyojibu." Kwetu binti akiulizwa na wazee akanyamaza, huhesabiwa amekubali. Ikasomwa Fatiha palepale kufunga makubaliano, na mimi nikaenda kuleta chai.

Siku ya pili nilijikaza nikamfuata baba. Kabla sijasema akaniambia, "Mwanangu, jana umenitoa hofu. Nilikwishajiambia ukikataa, basi. Mie sina nguvu ya kukuliza tena." Nikarudi ndani kwa mtoto. Yaani neno langu moja lingetosha, na sikulisema.

Sitaki kumzuia mtoto. Kwa shangazi atapata malezi ambayo mimi siyawezi, na mitihani yangu iko karibu. Ninachotaka ni sharti lile liondoke, nibaki dada yake na nimsimulie mama yake. Chuoni tumesomeshwa kuwa mtoto habadilishwi jina la baba, nao hawakutaka kulibadilisha, kwa hiyo hata huko sina cha kudai. Na Fatiha imeshasomwa. Nikirudi nyuma leo nitamwaibisha baba, nitamvunja moyo shangazi ambaye ameshanunua chandarua na kitanda. Anakuja kumchukua Alhamisi ijayo.

Bado naamini shangazi ana moyo wa kusikia, ila sijui nimsikilizishe vipi. Wakubwa zangu, hasa mama zangu mliolea watoto wa wenzenu, nielekezeni. Msichana aliyekwisha kuhesabiwa kuwa ameridhi, anasemaje sasa bila kuwavunjia wazee heshima? Nimfuate shangazi kwake kabla hajaja, au nimrudie baba? Na nikishakaa mbele yao, neno la kwanza liwe lipi?