Kunguru wa Baba Mkwe

Kila mwaka, siku aliyofariki baba mkwe, sisi Wahindu wa ghorofa ya juu hatuli mpaka kunguru ale kwanza. Tunamwekea tonge la wali na ufuta roshani; akilidonoa, marehemu ameridhika. Shida ni kwamba huku tulikohamia kunguru hakuna. Njiwa ndio wamejaa tele.

Mume wangu ni fundi wa lifti. Alikuwa ametoka zamu macho yamemvimba, lakini sala ya baba ni kazi ya kifungua mimba, naye ndiye, basi akaoga, akakaa mbele ya simu. Pandit, kuhani wetu, siku hizi huongoza sala kwa simu, na kuna familia nyingine ilikuwa inamsubiri.

"Njiwa anatosha," Pandit alisema haraka haraka. "Mazingira yamebadilika."

"Yamebadilika kwake," mama mkwe alijibu, akamfukuza njiwa kwa upindo wa sari.

Adhuhuri ikapita. Mama mkwe ana kisukari. Sukari ilishaanza kumshuka, na kula hataki hata umsihi vipi. Nilikasirika, sifichi. Marehemu alikuwa mtu wa kuchagua chakula tangu hapo, sasa anatutesa hata akiwa hayupo!

Kwa desturi yetu, kunguru akigoma, marehemu huahidiwa lile lililomkaa moyoni. Mume wangu akaanza. "Baba, nitamtunza mama." Kunguru haji. "Watoto watajifunza lugha yetu." Hata unyoya. Maskini, alikuwa anasinzia huku amesimama.

"Mwahidi utanirudisha nyumbani," mama mkwe alisema.

Hilo hutuomba kila jioni tangu tumlete: akafie kwake. Ahadi hiyo mume wangu hakuitoa. Kule hakubaki mtu wa kumpa hata dawa, na marehemu hadanganywi.

Mama mkwe alimtazama mwanawe. Kisha akajikongoja hadi roshani, ameshika ukuta.

"Baba watoto," akamwambia marehemu mumewe, "mwache kijana apumzike. Sitawaomba tena kurudi."

Njiwa mmoja akatua kando ya sahani. Mama mkwe hakuinua mkono. Mimi ndiye niliyetaka kumfukuza, jinsi nilivyomchukia ghafla kwa kuikubali ahadi ile.

"Mama, huyo si kunguru," mume wangu alisema huku machozi yanamtoka.

"Namwona. Mwache ale," alijibu. "Na mimi nipakulieni, nina njaa."