Msuguo Mmoja wa Ziada

Mlio wa tupa haumwamshi tena mke wa fundi bunduki. Zamani, kifyatulio cha bunduki kikiwa kigumu, mumewe alikisugua kwa tupa mara moja, akakipuliza, akakijaribu, ndipo akasugua tena, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. "Chuma hupunguzwa, hakirudishwi," alinung'unika. Siku moja kaka wa mkewe, askari wa wanyamapori aliyemletea bunduki yake, alimtania mlangoni: "Shemeji, unatengeneza au unabembeleza mchumba? Bado kigumu hicho!" Fundi akacheka, akasugua mara moja zaidi, asikijaribu. Porini bunduki iliteleza begani kwa askari, ikagonga mwamba, ikajifyatua yenyewe. Mke alimzika kaka yake bila kumtazama mumewe. Sasa fundi analala karakanani, nyuma ya nyumba yao, na jirani ndiye humpelekea chakula.